Unatumia dawa za tezi ya shingo? Chanjo yako iko palepale

Kampeni ya chanjo ikianza hapa Dodoma, kliniki yetu huulizwa swali lilelile. Mama katoka Kongwa na basi la alfajiri, kadi mkononi: "Daktari, mimi niko kwenye vidonge vya shingo, nichanjwe kweli?" Chanjwa, mama. Na kidonge cha asubuhi hiyo kimeze kama siku zote, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au uji. Ukikisahau kwa haraka, usitoke kwenye foleni. Levothairoksini, ndiyo dawa iliyo katika kidonge hicho, hukaa sana mwilini, kiasi kwamba baada ya siku 7 hivi nusu yake bado imo. Utameza ukirudi.

Hofu hiyo naielewa. Wengi wameambiwa tezi yao imeshambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe, wakadhani hawana tena kinga ya kupokea chanjo. Wanayo. Levothairoksini nayo haiipunguzi. Inajazia tu homoni ambayo tezi imeshindwa kutengeneza.

Wanaonifanya niseme kwa mkazo ni wale ambao tezi yao inafanya kazi kupita kiasi, wanaotumia kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi hiyo. Nao wachanjwe. Ila dawa hii, mara chache, huangusha chembe nyeupe za damu, na dalili yake ya kwanza ni homa pamoja na koo kuuma au vidonda mdomoni. Chanjo pia huleta homa ya siku moja au mbili, na hapo ndipo mtu hujidanganya. Ukiona homa na koo vimekuja pamoja, usimeze parasetamoli ukalala. Usimeze kabimazoli inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo, sema unatumia dawa gani, upimwe damu.

Wachache wenye macho yaliyotokeza kwa sababu ya tezi hupewa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga ya mwili, kwa dozi kubwa. Hao wamuone daktari kwanza kabla ya chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano. Na kwa wasafiri: maradhi ya tezi yanayomzuia mtu kupata chanjo hiyo ni ya tezi ya kifuani iitwayo thaimasi, si ya shingoni. Neno "tezi" limewachanganya wengi, nakiri hata baadhi yetu wenye makoti meupe.

Wajawazito nawaomba wasikilize zaidi. Kliniki utachomwa sindano ya pepopunda na kupewa vidonge vya kuongeza damu siku hiyohiyo. Sindano haigusani na dawa yako ya tezi. Vidonge vya damu ndivyo vinavyoizuia isifyonzwe tumboni. Viachanishe kwa saa 4: cha tezi alfajiri, cha damu mchana au usiku.