Je, wajua kwa nini Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka?

Mkulima wa zabibu wa Ufaransa huvuna mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma huvuna mara mbili: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Inakuwaje?

Ulaya, baridi kali huulaza mzabibu. Hupukutisha majani, hukaa mtupu kwa miezi, na joto likirudi huchipua. Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, haina baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa bila kukatwa hubaki na majani mwaka mzima, ukirefuka nchani na kuzaa ovyoovyo. Kwa hiyo mkulima huuamsha kwa mkasi. Hupogoa matawi yaliyokomaa, akabakiza macho machache, yaani vifundo vya kuchipulia, kwenye kila tawi, nayo huchipua kwa pamoja. Kutoka hapo hadi mavuno ni miezi minne au mitano.

Linalonishangaza zaidi ni hili: vichala vya msimu huu vilianza kuumbwa msimu uliopita, ndani ya macho, vikiwa vidogo kiasi cha kutoonekana. Shamba lililopoteza majani kwa ugonjwa msimu uliopita linaweza kutoa vichala vichache msimu huu hata kama sasa linapendeza. Ndiyo sababu mkulima makini huhesabu vichala mara tu machipukizi yanapokunjuka. Hapo ameshaanza kuyaona mavuno yake.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo zabibu za Februari huivia kwenye unyevu: ubwiri, ugonjwa wa ukungu, huenea, punje hupasuka, sukari hupungua. Za Agosti huiva wakati wa kipupwe, mchana jua, usiku baridi, na ladha hukolea. Mimi ningeweka nguvu zangu hapo, ila msimu huo unadai maji ya kumwagilia, na si kila shamba linayo.

Karibu na kuvuna, tumbua punje utazame mbegu: zikiwa za kijani bado, zikiwa kahawia zimekaribia. Wapimaji huweka tone la juisi kwenye kioo cha kifaa cha kupimia sukari na kukichungulia kwenye mwanga. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huweza kutoa asilimia 1 ya kilevi kwenye mvinyo, hivyo kiwanda hakipuuzi kipimo hicho. Na zabibu si ndizi: ikishakatwa haiivi tena. Anayevuna mapema kwa kuogopa mvua amekubali sukari hiyohiyo aliyoikuta.

Shida kubwa ni mashamba mengi kuiva kwa pamoja, matangi ya viwanda yakajaa na zabibu zikaozea shambani. Lakini tarehe ya kupogoa ndiyo inayopanga tarehe ya kuvuna. Majirani wakikubaliana kupogoa kwa zamu, kila mmoja akipishana na mwenzake wiki mbili, zabibu zao zitafika kiwandani kwa zamu vilevile.