Mechi ya maandalizi isomwe vipi?

Katika kazi yangu ya ukocha wa viungo, hakuna kipindi ambacho mashabiki na benchi la ufundi hutazama mchezo uleule wakaona mambo tofauti kama wiki za maandalizi ya msimu mpya. Shabiki anatazama ubao wa matokeo, ilhali sisi tunatazama kama yale tuliyoyafanyia mazoezi tangu Jumatatu yameonekana uwanjani. Simlaumu, kwa maana mapenzi ya timu hayaendi likizo ligi inaposimama, lakini hukumu nyingi zinazotolewa baada ya mechi hizi humwonea mchezaji, na jambo hilo linaniuma.

Namkumbuka beki mmoja wa kushoto ambaye dakika ya 20 tu alikuwa ameshainama na kushika magoti, na alipopitwa na winga kwa mara ya tatu, jukwaa zima likamzomea. Waliomzomea hawakujua kwamba jana yake alikuwa amefanya mazoezi asubuhi na jioni, kwa ratiba niliyoipanga mimi mwenyewe. Misuli huendeshwa na akiba ya sukari iliyomo ndani yake, na akiba hiyo ikishapungua sana inaweza kuchukua siku nzima au zaidi kujaa tena. Msimu ukiendelea, tunapunguza kazi kabla ya mechi ili mchezaji aingie akiwa mwepesi. Wakati wa maandalizi tunamwacha makusudi aingie na miguu mizito, kwa sababu mechi yenyewe ni sehemu ya mazoezi. Isitoshe, kocha alikuwa amemwagiza apande kila mara, na kiungo aliyepaswa kuziba nafasi yake alikuwa na siku nne tu tangu ajiunge na kikosi.

Matokeo hudanganya pande zote mbili. Mwaka 2014 Manchester United waliifunga LA Galaxy mabao 7-0 na Real Madrid 3-1 katika ziara yao ya Marekani, wakarudi nyumbani na kufungwa 2-1 na Swansea siku ya kwanza ya ligi, kisha 4-0 na MK Dons katika Kombe la Ligi. Mwaka 2019 Liverpool walifungwa na Borussia Dortmund, Sevilla na Napoli katika maandalizi, huku Salah, Mané na Firmino wakiwa bado hawajarejea kutoka kwenye majukumu ya timu zao za taifa na mapumziko yaliyofuata; msimu huo huo walitwaa ubingwa wa Uingereza kwa pointi 99.

Kipindi cha pili ndicho kinachopotosha zaidi. Sheria zinaruhusu timu mbili kukubaliana idadi kubwa ya mabadiliko katika mechi ya kirafiki, mradi mwamuzi aarifiwe kabla ya mchezo kuanza, na ndiyo maana mara nyingi kikosi karibu chote hubadilishwa. Bao linalofungwa dakika ya 80 na vijana dhidi ya vijana halisemi lolote kuhusu timu itakayoanza ligi, ingawa kwa kijana mwenyewe linaweza kuwa jambo kubwa sana.

Mimi huangalia nusu saa ya kwanza, na ndani yake hasa zile sekunde tano baada ya mpira kupotea. Je, walio karibu wanaukimbilia, au kila mmoja anamtazama mwenzake? Safu ya ulinzi inasogea mbele pamoja na viungo, au inabaki nyuma na kuacha pengo ambalo mpinzani anageukia bila bughudha? Uchovu hupunguza kasi ya mchezaji, lakini hauelezi kwa nini watu wanne wamesimama wakati mmoja anakaba peke yake.

Hapo nakiri kwamba mashabiki wamewahi kutuzidi macho, hususan wanapomwona mchezaji aliyetoka majeruhi akikwepa kugombea mpira, kwa kuwa wamemfuata kwa miaka mingi na wanaujua mwendo wake.

Mechi ninayokubali ihukumiwe kwa ukali ni ile ya mwisho, takriban wiki moja kabla ya ligi, ambapo tumeshapunguza mazoezi na kocha amepanga kikosi anachokiamini. Pengo lile lile likionekana tena siku hiyo, manung'uniko ya jukwaani ni ya haki, na nami nayabeba hadi kwenye kikao cha makocha.