Bally, Kil, Dún: maana ya majina ya miji ya Ayalandi

Barabarani katika Jamhuri ya Ayalandi, kibao hutaja jina la mji mara mbili. Juu limeandikwa kwa herufi za mlazo: Cill Dara. Chini yake, kwa herufi kubwa: KILDARE. Mgeni husoma la chini na kuendelea na safari yake. Lakini hilo la chini, likiachwa peke yake, halina maana kwa lugha yoyote. Si neno la Kiingereza, na kwa Kiayalandi haliandikwi hivyo. La juu ndilo linalosema kitu: cill ni kanisa, dara ni "la mwaloni". Kanisa la mwaloni. Mapokeo yanasimulia kwamba Mtakatifu Brigid alianzisha monasteri yake hapo penye mwaloni, na mji ukakua kuizunguka.

Ndivyo yalivyo majina mengi ya kisiwa kile: maneno ya Kiayalandi yaliyoandikwa kama sikio la Kiingereza lilivyoyasikia. Sauti ilisalia, ikawa imebadilika kidogo. Maana ikaachwa nyuma.

Chukua Bally, kipande kinachojitokeza kila uelekeako. Asili yake ni baile. Siku hizi baile ni mji, ila kwanza lilikuwa neno la makazi ya familia na ardhi yao, kama vile wazee wetu wengi wanavyosema "mji wa fulani" wakimaanisha nyumba yake, watu wake na uwanja wake, siyo mji wenye lami na taa. Hata leo Mwayalandi anayekwenda nyumbani husema kwa lugha yake kwamba anakwenda abhaile, na ndani yake kuna neno lilelile. Kwa hiyo Ballyknockan, kijiji cha wachonga mawe huko Wicklow, ni makazi ya kilima kidogo: baile, kisha cnocán.

Mji mkuu nao una hilo baile, ingawa kwa jina la Dublin hulioni. Kwa Kiayalandi mji huo ni Baile Átha Cliath, yaani mji wa kivuko cha fito zilizosukwa. Watu walisuka fito, wakazilaza kwenye tope la mto Liffey maji yakiwa kidogo, wakapita na mifugo yao bila kuzama. Dublin ni jina la mahali pengine palipokuwa jirani: Dubh Linn, dimbwi jeusi, pale kijito cha Poddle kilipoingia Liffey. Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, walijenga kituo chao cha merikebu huko mwaka 841. Dimbwi limefukiwa, na juu yake sasa kuna bustani nyuma ya Kasri la Dublin. Poddle yenyewe inapita chini ya ardhi, ndani ya mfereji uliofunikwa. Maji hayaonekani tena, lakini rangi yake bado inatajwa kila mtu anapotaja Dublin.

Vipande vingine ni vyepesi. Dún ni ngome. Droim, linaloandikwa Drum, ni mgongo wa kilima. Cluain, au Clon, ni malisho, na Clonmel ni Cluain Meala, malisho ya asali. Cork ni Corcaigh, mahali pa kinamasi. Derry ni Doire, msitu wa mialoni. Neno London liliongezwa mbele yake kwa hati ya kifalme ya mwaka 1613, vyama vya wafanyabiashara wa London vilipopewa ardhi huko, na mpaka leo jina analolitumia mtu, Derry au Londonderry, huashiria yuko upande gani wa siasa: wa kuungana na Ayalandi au wa kubaki na Uingereza.

Kil ndiyo yenye mtego. Mara nyingi ni cill, kanisa, neno lililotoka Kilatini pamoja na wamonaki. Lakini coill, yaani msitu, nalo huandikwa hivyohivyo kwa Kiingereza. Kilkenny ni kanisa la Mtakatifu Cainneach. Kiltimagh, kule Mayo, ni Coillte Mach: hapo ni misitu, wala si kanisa. Tahajia ya Kiingereza imeyachanganya maneno mawili ambayo msemaji wa Kiayalandi hawezi kuyachanganya.

Tahajia hizi ziliingia kidogo kidogo kwa karne nyingi, katika hati za ardhi na kodi. Ila zilifungwa kabisa na kazi moja. Mwaka 1824 jeshi la Uingereza lilianza kupima Ayalandi nzima na kuichora kwa inchi 6 kwa kila maili, ili ardhi itathminiwe na kutozwa kodi. Vipande vya ardhi vyenye majina yake vilizidi 60,000. Kila kimoja kilihitaji tahajia moja ya kuandikwa kwenye ramani, na wapimaji wenyewe hawakujua lugha ya majina hayo.

Mwaka 1830 kazi ya majina ikaangukia mikononi mwa John O'Donovan, mwana wa mkulima kutoka Kilkenny, aliyekua akizungumza Kiayalandi na kukisoma katika miswada ya zamani. Alizunguka nchi, mara nyingi kwa miguu. Akifika mahali aliwatafuta wazee, akawaomba walitamke jina, akawauliza lina maana gani, kisha akalilinganisha na maandiko ya kale. Katika daftari aliandika umbo la Kiayalandi, na kando yake tahajia ya Kiingereza itakayochapwa kwenye ramani. Ramani zilikamilika mwaka 1846. Njaa Kuu ilikuwa imeshaanza mwaka mmoja kabla, na kabla haijaisha watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama milioni moja wakahama, wengi wao wakitoka sehemu zilizozungumza Kiayalandi. Naiona kazi ya O'Donovan kwa uzito huo. Tahajia alizoidhinisha ziliwatumikia watoza kodi, lakini madaftari yake yaliwahi vinywa ambavyo muda mfupi baadaye vilinyamaza.

Usidhani, hata hivyo, kwamba jina la juu kwenye kibao ndilo mzazi wa la chini kila mara. Waterford, Wexford na Wicklow ni majina ya Waviking. Waayalandi waliiita miji hiyo Port Láirge, Loch Garman na Cill Mhantáin, na pande hizo mbili hazina udugu. Leixlip nayo ni ya Waviking, mruko wa samoni, na hapo Kiayalandi ndicho kilichotafsiri: Léim an Bhradáin. Donegal inawataja wageni waziwazi: Dún na nGall, ngome ya wageni.

Kisha kuna majina ya wafalme. Maryborough liliwekwa mwaka 1556 kwa heshima ya Malkia Mary. Sasa mji huo ni Portlaoise. Dún Laoghaire iligeuzwa Kingstown mwaka 1821 Mfalme George IV alipopita hapo. Bandari ya Cove ikawa Queenstown mwaka 1849 Malkia Victoria alipoizuru, na kwa jina hilo Titanic ilitia nanga hapo mara ya mwisho, Aprili 1912. Mwaka 1920 bandari ikaitwa Cobh. Ukiiona utadhani ni Kiayalandi cha kale, kumbe ni Cove ileile: kwa Kiayalandi bh husomeka kama v.

Kurudisha jina nako huleta ugomvi. Mwaka 2005 serikali iliamua kwamba mji wa Dingle, huko Kerry, utambuliwe rasmi kwa jina la An Daingean peke yake. Wakazi wakapiga kura mwaka uliofuata, na zaidi ya asilimia 90 wakataka majina mawili: Dingle, na kwa Kiayalandi Daingean Uí Chúis. Sheria ikarekebishwa mwaka 2011.

Kwa anayetaka kutafuta mwenyewe, hifadhidata ya taifa ya majina ya mahali, Logainm, iko wazi kwa wote kwenye intaneti. Unaandika jina la Kiingereza, inakupa la Kiayalandi. Bally utaifumbua mwenyewe baada ya muda mfupi. Kwa Kil, usikisie. Tazama kwanza kama ni cill au coill.