Mwanamichezo wa chuo na ofisi ya utawala

Wanamichezo wanaofika katika ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi, hapa Iringa, huuliza kama mtu aliyejulikana chuoni kwa mbio zake anaweza kubaki katika elimu ya juu baada ya miguu kuchoka. Mimi huwasimulia habari za LeRoy Walker, Mmarekani aliyezaliwa Atlanta mwaka 1918, kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Akiwa Benedict College alishiriki michezo kadhaa, akahitimu mwaka 1940, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili. Ya uzamivu aliipata mwaka 1957, yaani miaka 16 baadaye, akiwa tayari kocha wa riadha katika chuo kinachoitwa leo North Carolina Central University. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanariadha aliyemfundisha, Lee Calhoun, alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 110 kuruka viunzi katika Olimpiki ya Melbourne.

Chuo hicho hicho alikiongoza kuanzia 1983 hadi 1986. Cheo chake, Chancellor, kisichanganywe na cha Mkuu wa Chuo wa hapa kwetu, ambacho ni cha heshima: kazi aliyoifanya ni ile ambayo Tanzania hufanywa na Makamu Mkuu wa Chuo, ya kusimamia bajeti, walimu na taaluma kila siku.

Medali zilikuwa za Calhoun. Kilichomstahilisha Walker kukalia kiti kile, kwa maoni yangu, ni kusoma bila kuacha uwanja, jambo ambalo vijana wengi wanaotoka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wakiwa na sifa kubwa hulichukulia kwa wepesi mno. Mchezaji husafiri na timu bila kibali, anakosa mtihani, kisha anashangaa kukuta sapu (mtihani wa marudio) au kurudia somo, ilhali katika vyuo vingi angeomba mapema angeweza kupangiwa mtihani maalumu. Anayetamani utawala ana mahali pa kuanzia: uwaziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi, ambako atalazimika kuandaa bajeti ya jezi na nauli, na kuitetea mbele ya wasiopenda mpira.

Barua ya kuomba ruhusa ipite kwa mratibu wa michezo, kisha kwa mkuu wa idara, kabla basi halijaondoka, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki kwa mwanafunzi mwenyewe.