Nafasi ya Shafti kwenye Giaboksi ya Pikipiki: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Shafti isiyocheza hata kidogo ndiyo iliyofungwa vizuri.

Shafti inayobebwa na beringi za gololi za kawaida inahitaji nafasi ndogo ya kusogea kwa urefu wake. Fundi akiweka shimu (kipande chembamba cha chuma cha kujazia nafasi) nene kupita kiasi, kava likikazwa boliti linaisukuma shafti, gololi zinaelemea upande mmoja wa njia yake, na beringi inachemka hata kabla pikipiki haijabeba mzigo. Beringi za roli zilizolala mshazari ni habari nyingine, kwa kuwa hizo mara nyingi hubanwa kwa makusudi na kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji. Anayezichanganya aina hizi mbili ataharibu mojawapo.

Dhana: Nafasi huachwa kwa sababu shafti itarefuka ikipata moto na kubana.

Maelezo haya yanasikika kuwa ya kisayansi, lakini kwenye giaboksi yenye kasha la alumini mambo huenda kinyume. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, ilhali alumini hutanuka kwa takriban sehemu 23 kwa milioni. Tuchukue shafti ya milimita 120 na giaboksi inayopanda kutoka nyuzi 20 hadi 80: shafti itarefuka kwa karibu milimita 0.09, na kasha kwa karibu milimita 0.17. Kwa hiyo nafasi haipungui bali huongezeka kwa karibu milimita 0.08, kiasi ambacho katika kazi hii si kidogo hata kidogo. Hatari ya kubana iko wakati wa baridi, si wakati wa joto, na ndiyo maana nafasi iliyopimwa kasha likiwa bado moto kutokana na kupashwa ili kupachika beringi haina maana: kasha likipoa linasinyaa na kuing'ang'ania shafti ambayo dakika chache kabla ilikuwa huru. Vyote viachwe vipoe hadi joto la chumba, ndipo vipimwe.

Dhana: Shimu za zamani zinatosha, maana giaboksi ni ileile.

Zinatosha iwapo hakuna kilichobadilishwa, jambo ambalo ni nadra katika kazi ya kufunga upya. Beringi mbili zenye namba moja hazina lazima ya kuwa na upana mmoja. Kwa beringi za daraja la kawaida za ukubwa huu, upana unaruhusiwa kupungua hadi milimita 0.12 chini ya ule ulioandikwa. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi nafasi yote unayoitafuta.

Kipimo chenyewe ni cha kutoa na kujumlisha. Tuseme kina cha kasha, pamoja na unene wa gasketi, kinazidi urefu wa shafti na vilivyopachikwa juu yake kwa milimita 0.58, na mtengenezaji anataka nafasi ya 0.05. Shimu inayohitajika ni ya 0.53. Ikiwa iliyopo ni ya 0.50, nafasi itabaki 0.08, na kitabu cha pikipiki hiyo ndicho kitakachoamua kama inakubalika. Kabla ya kupima, beringi ziwe zimekaa hadi mwisho wa vikalio vyake, vinginevyo hesabu yote ni ya uongo.

Dhana: Gasketi ni ya kuzuia oili tu, kwa hiyo silikoni inaweza kuchukua nafasi yake.

Gasketi ni sehemu ya kipimo. Ukiiondoa, kava linasogea ndani kwa unene wake wote. Unene unaohesabiwa ni wa gasketi iliyokwisha kubanwa, si ile inayotoka kwenye pakiti.

Dhana: Gia ikiruka, shafti inacheza mno.

Huenda, lakini nisingeanzia hapo. Meno ya kushikia gia yaliyoviringika kingo, uma wa kusogezea gia uliopinda au kulika, na springi dhaifu ya kuzuia gia isihame huleta dalili ileile, na hakuna shimu itakayoyaponya hayo.