Asilimia Kubwa ya Gawio Si Kipimo cha Ukarimu wa Kampuni

Kila msimu wa matokeo ya mwaka unapowadia, wateja huniletea orodha ya hisa zilizopangwa kuanzia ile yenye asilimia kubwa ya gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa wake) hadi yenye ndogo, nao huniomba niwanunulie iliyo juu kabisa. Wanaamini kwamba kampuni inayoongoza kwa asilimia ndiyo inayowajali wanahisa wake kuliko zote. Katika dhana zote potofu ninazozisikia kazini, hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu anayeifuata huingia hasarani akidhani amechagua salama.

Asilimia hiyo ni gawio la mwaka la kila hisa likigawanywa kwa bei ya hisa sokoni. Kwa hiyo huweza kupanda kwa njia mbili: gawio likiongezeka, au bei ikianguka. Wengi hukumbuka njia ya kwanza tu. Safaricom, kampuni ya simu ambayo Wakenya wengi wana hisa zake, ililipa shilingi 1.37 kwa kila hisa kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, na bei ilipokaribia shilingi 45 mwezi Agosti mwaka huo, asilimia ilikuwa 3 tu. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2023 lilikuwa shilingi 1.20, yaani lilikuwa limepungua, lakini kufikia mwisho wa 2023 hisa hiyo haikufika shilingi 14, na asilimia ikapita 8. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza, huku kampuni ikibeba gharama za mtandao wake wa Ethiopia uliozinduliwa Oktoba 2022. Aliyenunua kwa bei ya juu alikuwa amepoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani ya hisa zake, ilhali orodha ikimwonyesha asilimia ya kupendeza. Sisemi kwamba kununua kwa shilingi 14 lilikuwa kosa. Nasema kwamba asilimia peke yake haikuweza kumwambia mtu lolote kuhusu hilo.

Ndiyo maana nawasihi wateja wangu waiache asilimia kwanza, wachukue daftari na kuandika kwa mkono gawio la kila hisa kwa miaka 10, mwaka baada ya mwaka, na kando yake faida ya kila hisa. Gawio maalumu, yaani la ziada lisilolipwa kila mwaka, liandikwe katika safu yake. Mwaka 2019 Safaricom ililipa gawio la kawaida la shilingi 1.25 na gawio maalumu la senti 62. Anayejumlisha na kupata 1.87 ataona kwamba 1.40 ya mwaka 2020 ni anguko, kumbe gawio la kawaida lilikuwa limepanda. Vilevile, anayeandika magawio ya benki ya CRDB kwa miaka ya 2021 hadi 2024 ataona shilingi za Tanzania 36, 45, 50 na 65, ngazi ambayo asilimia ya siku moja haiwezi kuionyesha.

Wapo pia wanaodhani kwamba kampuni iliyolipa kwa miaka mingi inadaiwa gawio la mwaka ujao. Haidaiwi. Bodi ya Equity Group, kundi la benki la Kenya, ilikuwa imependekeza shilingi 2.50 kwa mwaka 2019, kisha Mei 2020, janga la korona lilipoingia, ikaliondoa pendekezo hilo.

Wengine hukimbilia kununua siku ya mwisho kabla ya daftari la wanahisa, yaani orodha ya watakaolipwa gawio, kufungwa, wakiamini wanaokota pesa za bure. Hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Isitoshe, katika soko la hisa la Nairobi muamala hukamilika siku 3 za kazi baada ya kununua, na aliyechelewa huenda asiwemo katika orodha hiyo kabisa.

Mwisho, kiasi kinachotangazwa si kinachoingia mfukoni. Kenya humkata mkaazi kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla gawio halijamfikia, ya asilimia 5, na Tanzania hukata kiwango hicho hicho kwa kampuni zilizoorodheshwa katika soko la Dar es Salaam. Katika daftari lako la magawio, basi, shilingi 1.20 iandikwe 1.14.