Samawati ya anga ni rangi ya hewa

Kati ya maswali yote tunayoletewa hapa idarani, hili haliishi: kwa nini anga ni ya buluu? Watoto huliuliza bila haya. Watu wazima husubiri wenzao waondoke kwanza, kisha wanaliuliza kwa sauti ya chini. Wengi wao wanakuja na jibu mkononi, kwamba anga huakisi rangi ya bahari. Jibu hilo si sahihi. Juu ya jangwa, mamia ya kilomita kutoka majini, anga ni ya buluu vilevile, na mara nyingi imekolea zaidi kwa kuwa hewa ya huko ni kavu.

Rangi ile ni ya hewa yenyewe. Tumezoea kusema hewa haina rangi, na kweli ukiiangalia iliyomo chumbani huoni kitu. Sasa tazama milima iliyo mbali sana siku isiyo na mawingu. Miti yake ni ya kijani kwa anayeikaribia, lakini kutoka ulipo wewe mlima mzima umevaa ubuluu. Katikati yenu hakuna pazia wala moshi, ni hewa tu, kilomita baada ya kilomita, iliyomulikwa na jua. Hewa hiyohiyo ndiyo unayoiona ukiinua macho.

Inapataje rangi? Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kila rangi husafiri kwa wimbi la urefu wake. Wimbi la nuru nyekundu lina urefu wa nanometa 700 hivi, la buluu kama 450. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hewa nayo ni molekuli, asilimia 78 naitrojeni na 21 oksijeni, kila moja ndogo kuliko wimbi la nuru kwa zaidi ya mara elfu. Wimbi linapoipitia molekuli, huzitikisa elektroni zake, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme zilizomo ndani yake, na elektroni zinazotikisika hutoa nuru na kuitupa huku na huku. Wimbi fupi hutikisa kwa kasi zaidi, na hapo tofauti huwa kubwa mno: urefu wa wimbi ukipungua kwa nusu, nuru inayotawanywa huongezeka mara 16. Ndiyo maana buluu hutawanywa karibu mara sita kuliko nyekundu. Nyekundu hupita moja kwa moja. Buluu husambaa na kukufikia kutoka kila upande wa anga, hata kule ambako jua halipo.

Kulifikia jambo hili hakukuwa rahisi. Katika miaka ya 1860 mwanafizikia John Tyndall alipitisha nuru kwenye mrija wenye chembe ndogo sana, akaona ubuluu ukitokea mbele ya macho yake. Mwaka 1871 mwanafizikia mwingine, Lord Rayleigh, alitoa hesabu ya mtawanyiko huo, na mwaka 1899 akaonyesha kwamba vumbi halihitajiki, molekuli za hewa zinatosha.

Jaribu mwenyewe jioni ya leo. Jaza glasi maji, dondoshea matone machache ya maziwa, koroga, kisha zima taa za chumba. Mulika glasi ubavuni kwa tochi yenye mwanga mweupe. Ukitazama kutoka pembeni, maji yana ubuluu hafifu. Zunguka sasa upande wa pili, uitazame tochi kupitia maji: imegeuka manjano, na ukiongeza tone moja au mawili inaelekea rangi ya chungwa. Ukizidisha maziwa, kila kitu kinakuwa cheupe. Mawingu ni meupe kwa sababu inayofanana na hiyo, kwani matone yake ni makubwa kuliko mawimbi ya nuru na hayabagui rangi.

Msomaji makini atanishika hapa: wimbi la urujuani ni fupi kuliko la buluu, mbona anga si ya urujuani? Ni swali zuri sana, na hufurahi kila ninapoulizwa. Kwanza, jua hutoa urujuani kidogo kuliko buluu, na sehemu yake hupotea njiani. Pili, na hili ndilo zito, jicho halipimi kila rangi peke yake. Lina aina tatu za seli za kutambulia rangi, na ubongo hulinganisha taarifa zake zote. Mchanganyiko unaotoka angani, wenye urujuani, buluu na kiasi cha kijani, ubongo huusoma kuwa samawati. Kwa hiyo sehemu ya jibu iko juu, na sehemu nyingine imo ndani ya kichwa chako.

Mwezini hakuna hewa ya kutawanya nuru, hivyo wanaanga waliotua huko mwaka 1969 walisimama juani chini ya anga nyeusi.

Na wekundu wa machweo? Jua likiwa kwenye upeo wa macho, nuru yake hupita kwenye hewa nyingi kuliko ya utosini kwa mara zaidi ya 30. Njia hiyo ndefu huimaliza karibu buluu yote, na kinachokufikia ni manjano, chungwa na nyekundu. Buluu iliyopungua kwako haikupotea bure. Imetawanywa juu ya nchi zilizo magharibi yako, ambako bado ni mchana, na watu wa huko wanaitazama sasa hivi na kuiita anga.